Kiporo cha Lami

Tangini, Kibaha,
20 Julai 2024.

Mpendwa mke wangu, Bibi Mwanahalima,

Shikamoo. Anayekuandikia ni yule mumeo mdogo ambaye akikohoa tu, nyufa za barabara kutoka Kibaha mpaka Kisarawe zinajiziba zenyewe kwa heshima.

Magoti yanasemaje na baridi ya huko Tabora? Na Babu, bado anadhani wewe ni wake peke yake? Mwambie mwenye mali nipo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Bibi, hiyo ndiyo kazi yangu sasa, kuziba nyufa. Tunachemsha lami kwenye pipa, tunaimimina ufa ukiwa mkavu. Ikiwa mpya inavutika kama ulimbo. Barabara ikitanuka au kunywea, nayo inafuata.

Kumbe inazeeka, tena vibaya kuliko wewe! Tulizoziba mwaka jana njia ya Kisarawe, baridi ilipoanza tu zikaachia pembeni, lami imekauka kama ukoko. Msimamizi wetu, Mzee Castory, akamgeukia Badru, rafiki yangu anayechochea moto: "Umeniunguzia lami wewe! Nenda kwenu." Badru akarudi kwao Marui.

Nikaapa atarudi kazini. Nikaweka vipande viwili juu ya bati letu: kimoja lami iliyochemshwa mara moja, kingine kiporo, yaani mabaki ya pipani tuliyokuwa tukiyapasha kila asubuhi. Majirani wakanicheka, eti naanika makopa ya lami. Wacha wacheke.

Vilipopigwa jua wiki kadhaa, nikavipeleka karakana yetu ya Zegereni asubuhi ya baridi, nikavikunja mbele ya Mzee Castory. Cha kwanza kikapinda. Kiporo kikavunjika, ka! Mzee akaguna: "Kumbe tunaizeesha wenyewe, jua linakuja kumalizia tu."

Sasa kiporo marufuku. Nyufa zote tunazikwangua, tunaziziba upya, na vuli haitanikuta nimebakiza hata moja. Andika hilo ukutani.

Msalimie Babu, mshindani wangu, na Shangazi Hajra, na Yasmin anayekusomea. Asiruke haya ya chini. Mungu akupe afya na usingizi mzuri.

Badru ameitwa kazini, hajaja. Bibi, kupasha kiporo lilikuwa wazo langu. Nililitoa kwa mbwembwe, eti kwetu hakimwagwi kitu. Siku anafokewa nilikuwa pale pale, nimeshika fagio. Alinitazama, akaningoja niseme. Sikusema. Nimekwenda Marui mara mbili. Anaitikia salamu, basi. Ijumaa baada ya swala nakwenda tena.

Wako akupendaye, mumeo mdogo,
Mfaume