Tanki Nisilolipima

Jumanne, 9 Septemba
Zamu ya asubuhi. Nimejaza mafuta ndege tatu, zote ndogo. Ya nne, ya Kapteni Lyimo, sikuijaza. Mama mkwe wake kalazwa Lindi, anampeleka mkewe akamwone. Mke alishakaa ndani, kafunga mkanda. Kapteni akasema, "Nilijaza Jumamosi, Zuhura. Wewe tia saini tu." Kwenye fomu kuna mstari: tanki limepimwa kwa kijiti. Nikatia saini. Kijiti sikukishika.

Saa sita mchana tukaambiwa. Ndege imeanguka kwenye mikorosho, kule Mkuranga. Kapteni kafariki. Mkewe kavunjika nyonga, yu hai.

Jumatano, 10 Septemba
Huku kwetu Mbagala watu wote wameona picha za ajali kwenye simu. Mama mwenye nyumba anasema ni muujiza, ndege haikushika moto. Nikaitikia. Haikushika moto kwa sababu hakukuwa na mafuta ya kuwaka.

Alhamisi, 11 Septemba
Fundi mkuu katueleza. Jumamosi Kapteni alijaza kweli. Jumapili akampeleka rafiki yake kisiwani Mafia, akarudi. Ama alisahau safari hiyo, ama aliuamini mshale wa mafuta, nao katika ndege zile kuukuu hudanganya. Ndiyo maana kuna kijiti. Ningekichovya kingetoka karibu kikavu. Kazi ya dakika mbili. Miaka tisa nimeifanya, siku hiyo sikuifanya.

Ijumaa, 12 Septemba
Wachunguzi wanakuja Jumatatu. Bwana Mhina, msimamizi wetu, kaniita ofisini, kafunga mlango. Anataka niseme nilipima, nikamwonya Kapteni, akakaidi. "Marehemu hafukuzwi kazi, Zuhura. Wewe unafukuzwa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama ndugu. Nikaitikia kwa kichwa. Najichukia.

Jumapili, 14 Septemba
Nimemweleza mume wangu yote. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto, hakuacha. Mwishowe akauliza, nikisema nilimwonya Kapteni, mkewe ataambiwa? Ataambiwa. Ataishi akiamini mumewe alijua mafuta hayatoshi, akampandisha hivyo hivyo.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilijifikiria mie tu.

Jumatatu, 15 Septemba
Wachunguzi wawili, mmoja anauliza, mwingine anaandika. Nikasema, "Saini ni yangu. Tanki sikulipima." Wakanitaka nirudie. Nikarudia. Mhina akawa anaangalia dirishani.

Nimesimamishwa kazi. Labda kuna mashtaka, hawajasema. Naogopa sana.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimekwenda hospitali kumwona mke wa Kapteni. Mazishi yalikuwa jana, Moshi, na yule mama hakuweza kwenda. Mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha, amelala chali, hawezi kugeuka. Nikampa shikamoo, nikajitaja mie ni nani. Nikamweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Sikuomba msamaha vizuri.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakujua?"

"Hakujua, mama."

Akafumba macho, machozi yakamtiririkia masikioni. Hakusema amenisamehe. Wala hakunifukuza. Nikabaki kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, sijui niondoke au nikae.

Muuguzi akaleta uji. Mama hawezi kuinuka. Nikachukua kikombe, nikapuliza, nikamnywesha kidogo kidogo mpaka ukaisha.