Mfuko Nisioushona

Jumanne, baada ya magharibi

Eti nilijiona mjanja! Miezi minane sijapiga mswaki upande wa kushoto kwa sababu fizi zilitoka damu.

Leo daktari wa meno kapima kwa kijichuma. "Mama, kati ya fizi na jino pana mfuko wa milimita tano, umejaa ukoga. Damu ilikuwa inakuomba mswaki."

Mimi fundi cherehani, milimita tano nazijua. Hasira ikanipanda. Mama yangu kule mlimani alibaki na meno manne, tukasema uzee. Nani alituambia kuwa ni fizi?

"Jino litang'oka?" nikauliza.

"Nimelisafisha. Ukipiga mswaki taratibu asubuhi na usiku, litapona. Ila naona alama ya uzi kwenye meno ya mbele: nyuzi kata kwa mkasi, siyo kwa meno."

Jioni hii nimepeleka uzi mdomoni mara tatu. Mara tatu nimeurudisha kwenye mkasi.