Mzee wangu alivyoshona wimbo

Shoga, mjukuu wangu ameniambia sasa hivi, hata viatu hajavua. Mzee wangu amemtia aibu kwenye darasa la muziki!

Si aliapa atapiga ngoma kwenye harusi ya huyuhuyu mjukuu Jumamosi, wakaenda wote kujifunza? Mwalimu akasema kwanza wafumbe macho, wasikilize mapigo, wayafuate kwa mguu.

Mguu wa mzee ukaenda mbio, ukapunguza mwendo, ukasimama, ukatimka tena. Miaka arobaini ya kukanyaga cherehani, shoga! Anashona wimbo!

Mwalimu akamwambia, "Babu, wimbo hauna kona ya kola."

Kona ya kola! Mbele ya bi harusi!

Naye akajibu, "Basi wimbo wenu umekatwa vibaya."

Mwalimu akasema asipoyashika mapigo, ngoma atapewa mwingine. Hapo mzee akanywea.

Kaingia hapa, kawasha redio, kajilaza kwenye kochi miguu juu, haina cha kukanyaga. "Waimbaji nawaacha," akasema, "nasikiliza ngoma tu."

Shoga, kidole gumba cha mguu kikaanza kugonga kochi. Ko, ko, ko, sawasawa na ngoma, hakuna kona! Bi harusi kaziba mdomo asicheke, huku analia.

Ngoma atapiga. Ila wimbo bado unaendelea na kidole kimesimama. Amelala.