Jiwe la Yunia

Kyabahanda, Ankole
Jumanne, 14 Machi 1989

Kwa shemeji yangu Eriabu Rutahigwa,

Amani ya Bwana iwe kwako, kwa mkeo Losira na kwa watoto wote. Natumaini kwamba mguu ulioteguka umepona na kwamba unaweza tena kukanyaga klachi bila kuuma meno. Huku tu wazima wa mwili. Mvua za masika zimeanza, ulezi umeota vizuri upande wa bondeni, na yule ng'ombe mwekundu uliyetupa mwaka wa harusi ya binti yako amezaa tena, ndama jike.

Ninakuomba radhi kwa kimya cha miezi kumi na mmoja. Umeniandikia barua tatu. Ya kwanza niliisoma mara nyingi. Ya pili niliisoma mara moja. Ya tatu ilikaa chini ya taa tangu Krismasi, na sikuifungua mpaka jana. Niliwafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na mmoja kwamba barua hujibiwa ndani ya juma moja. Kwa hiyo sina udhuru, wala sitautunga.

Unauliza kama bado ninabeba kikapu changu kwenye ushirika wa Alhamisi. Umekuja kwetu mara nyingi, unajua ilivyokuwa. Baada ya nyimbo na shuhuda niliingia mbele na kikapu kilichofunikwa kitambaa, na ndani yake mlikuwa na kitu kimoja cha nyumbani: kifuniko cha kibuyu cha maziwa, yai viza, mpini wa jembe uliovunjika. Kutokana na kitu hicho niliwatolea ndugu fundisho la imani. Ulikuwapo siku ya yai, Damali alipopaza sauti kutoka benchi la akina mama: "Mwalimu, leo ni kuku au ni ufagio? Kama ni kuku, tukimaliza kusali tumchinje!" Hata mchungaji alicheka. Watu walikuja kutoka vilima vitatu kusikiliza kikapu kile. Walisema kwamba Mungu amenipa masikio ya kusikia vitu vikisema.

Shemeji, vitu vimenyamaza. Kikapu kimetundikwa jikoni tangu tulipomzika dada yako Yunia. Alfajiri ninapokamua, ninasubiri kama zamani neno lije, na linalokuja ni maziwa tu. Ninapopiga magoti, ninasema yale yale niliyozoea kuyasema, kwa sarufi iliyonyooka, na ninasikia sauti yangu ikigonga bati la paa na kurudi. Ndugu wanadhani ni majonzi, wananiletea uji wa ulezi na kuniambia nipumzike. Damali alikuja juzi akaniambia nisijitie uzee, kwamba wajane wa kiume hukauka upesi kama hawapikiwi, na kwamba yeye angenipikia lakini bado ana mume, bahati mbaya. Nilicheka kwa ajili ya heshima yake. Si majonzi peke yake, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Huku yupo mama kijana, Penina Kyarisiima, mke wa Benoni mwashi. Ana miaka ishirini na sita na watoto wawili. Tangu Novemba tumbo lake limevimba upande mmoja, na amekonda mikono mpaka bangili zinamtoka zenyewe. Kila Alhamisi huketi karibu na meza ya mbele, akaweka kiganja juu ya jiwe la Yunia. Nyumbani amejitafutia jiwe lake mwenyewe. Hulipasha moto mekoni, akalifunga kwa kitambaa na kujibana nalo ubavuni, kama alivyofanya dada yako. Hospitali hataki kuisikia.

Wiki tatu zilizopita nilimwendea Benoni kazini, nikamwambia ampeleke mkewe mjini bila kuchelewa. Aliweka mwiko chini, akatabasamu. Alisema, "Mwalimu, unatupima. Sisi hatuyumbi. Mama Yunia aliyumba?" Juma lililofuata nilikwenda nyumbani kwao, nikasema kwa ukali, kama nilivyozoea kusema na darasa la saba. Penina alikuwa amelala juu ya mkeka. Aliniuliza kwa upole, bila dharau hata kidogo, kama mama Yunia naye nilimwambia hivyo. Nilivaa kofia yangu, nikatoka.

Sasa nikueleze habari za jiwe, maana ulizisikia zikisimuliwa na wengine, na kwangu hukuzisikia kama zilivyokuwa.

Maumivu ya Yunia yalianza mwezi wa sita mwaka juzi. Unajua kwamba Mungu hakutupa mtoto, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, na hakuna mwingine aliyeyaona niliyoyaona. Aliokota jiwe laini kijitoni, akawa analipasha na kulilalia. Aliendelea kukamua na kulima, lakini nilimkuta mara kwa mara ameinama katikati ya matuta, ameshika mpini wa jembe, anangoja. Mimi nilikuwa nikimtazama, na nilikuwa nikifikiri. Ninaona aibu kuandika nilichokuwa nikifikiri. Nilikuwa nikifikiri kwamba jiwe lile lingefaa sana kikapuni.

Ilikuwa Alhamisi ya pili ya Oktoba. Niliwaambia ndugu kwamba jiwe hubeba moto kwa ajili ya mwingine wala halilalamiki. Niliwaambia kwamba mke wangu yumo katika maumivu kwa mwezi wa tano, na kwamba hajaomba daktari wala gari, wala hajaomba ndugu zake waitwe, kwa sababu amejiegemeza kwa Bwana. Watu walilia. Waliimba mpaka kuku wa mchungaji wakakimbia uani. Akina mama walimzunguka Yunia, wakamshika mikono, na mchungaji akaomba kwamba jiwe libaki juu ya meza ya kanisa liwe ukumbusho. Nikaliacha. Lipo pale hadi leo, limeng'aa kwa kushikwashikwa.

Unakumbuka tulivyombeba kwa machela mwezi wa tatu mwaka jana mpaka garini, na jinsi daktari alivyotuambia sisi wawili, wewe na mimi, tukiwa tumesimama karibu na lile dirisha lisilo na kioo, kwamba uvimbe ule ungeweza kuondolewa kama angeletwa kabla ya mwaka kwisha. Hukunilaumu. Ulivua kofia tu. Kisha siku ya maziko, mbele ya watu wote, uliniuliza kama Yunia hakuwahi kukuita. Nami nikakujibu kwamba Yunia alimwita Bwana kwanza. Watu wakaitikia amina. Wewe hukuitikia. Nilikuona.

Shemeji, alikuita.

Alikuita mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti, akasema, "Mtumie kaka yangu neno, aje na gari lake anifikishe hospitali." Nilimjibu kwamba tungoje mavuno. Mara ya pili ilikuwa Septemba, nikamjibu kwamba tungoje mkutano mkuu wa ndugu. Mara ya tatu ilikuwa asubuhi ya Alhamisi ile ile. Jiwe lilikuwa mekoni likipata moto. Alisema hataki nimpeleke mimi, wala hataki nikose ushirika. Anataka neno moja tu lifike kwako, kwamba Yunia anaumwa. Alipokuwa akisema hivyo tulisikia honi ya gari la maziwa. Nilichukua debe letu nikaenda barabarani. Unamjua Sulaimani dereva na mdomo wake. Aliniita kama kawaida yake: "Mwalimu wa kikapu! Maziwa nimeona. Salamu za mjini je? Au shemeji yako umemkopa akili, unamkimbia?" Hupita mlangoni kwako kila siku, hata kabla hajashusha madebe. Nilichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja yenye maneno mawili. Nilimwambia leo hakuna salamu, aende salama. Barabara iko hatua ishirini kutoka jikoni. Yunia alisikia.

Nilifanya hivyo kwa sababu fundisho lilikuwa limekwisha kukamilika kichwani mwangu, na lilikuwa zuri, na mwanamke anayepelekwa hospitali siku ya pili yake angeliharibu. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta nyingine kwa miezi kumi na mmoja, sikuiona.

Nilirudi jikoni, nikalitoa jiwe mekoni kwa koleo, nikalimwagia maji lipoe, nikalitia kikapuni. Alinitazama tu. Mchana aliketi kwenye benchi la akina mama, akasikia mumewe akiwaambia watu kwamba hajaomba kitu. Hakunikana mbele ya ndugu. Wakati wa kurudi tulitembea wawili, yeye mbele, na mimi nikiwa nimejaa furaha ya sifa nilizopewa. Nilimwambia kwamba sasa amewekwa mahali pa juu, na kwamba tukienda hospitali baada ya ushuhuda ule tutawaambia nini watu. Tulipofika langoni alisimama. Hapo akasema, "Basi nirudishie jiwe langu."

Sikuwa nalo. Lilikuwa mezani.

Asubuhi yake alishuka kijitoni mwenyewe, akaokota jingine. Hakuniomba tena neno lolote kuhusu wewe wala kuhusu gari. Aliishi miezi sita, akinipikia na kuniuliza kama uji una chumvi ya kutosha.

Wafugaji wetu, ng'ombe akifiwa na ndama, huichukua ngozi ya ndama na kumletea mama yake. Ng'ombe huilamba, akatulia, akatoa maziwa. Nimekuwa nikifikiri kwamba ndivyo nilivyowafanyia ndugu kwa miaka yote hii, nikiwaletea ngozi na kuwaambia... Unaona, Eriabu? Hata hapa, kwenye barua hii, mkono wangu bado unatafuta fundisho. Futa sentensi hiyo. Yunia hakuwa fundisho. Alikuwa dada yako, na alikuwa na maumivu upande wa kulia.

Kwa desturi yetu, mtu huungama kwanza kwa yule aliyemkosea, kisha ndipo asimame mbele ya ushirika. Nimewahukumu wengine kwa kuvunja desturi hiyo, kwa hiyo nimeanza na wewe. Sikuombi unisamehe. Nimelitumia neno hilo mara nyingi mno, nikiligawa kama peremende shuleni, na sijui tena lina uzito gani. Nikikaa peke yangu ninaona kwamba huenda sikuwahi kumjua Mungu niliyemwelezea. Huenda nilijua kueleza tu. Hofu hiyo inanikalia kifuani tangu asubuhi mpaka jioni, wala sina wa kumwambia, kwa maana kila mmoja huku hunijia ili mimi nimwambie.

Alhamisi nitalichukua jiwe kutoka mezani. Nitawaambia ndugu nilichokuambia wewe, kwa maneno haya haya, bila kikapu. Wako watakaosema kwamba ninamvunjia marehemu heshima yake. Mchungaji, nilipomgusia, alisema nitawaumiza wadogo katika imani, tena akaniuliza kama siwezi kumwambia Penina peke yake, faraghani. Nilimjibu kwamba nilikwisha kwenda faraghani, na walinisifu kwa kuwapima. Sijui kama Penina ataniamini. Sijui kama muda wake haujapita, kama ulivyopita wa mwingine. Ninakwenda bila tumaini la kutosha, lakini nitakwenda.

Barua hii nitampa Sulaimani kesho asubuhi. Bila shaka ataniuliza leo kumetokea nini, Mwalimu ana salamu. Itakufikia kabla ya saa nne. Eriabu, ninakuomba uje na gari lako Alhamisi, saa nane mchana, ulisimamishe mbele ya kanisa, ufungue mlango wa upande wa abiria na ungoje. Weka godoro nyuma, barabara imeharibika kuanzia darajani. Kama hutaki kuniona, usishuke. Nitaelewa, na nitawaambia Benoni na mkewe wakufuate bila mimi.

Msalimie Losira. Mwambie kwamba vibuyu vya Yunia nimevihifadhi vyote, vimefukizwa moshi, na ni vyake akivitaka. Wasalimie watoto, na zaidi yule mdogo mwenye jina la shangazi yake.

Kuhusu mimi mwenyewe, kama nitabaki mzee wa kanisa, au nitaketi benchi la nyuma, au nitakaa nyumbani na ng'ombe, bado sijaamua, wala sijui kama ni juu yangu kuamua. Nitakapojua nitakuandikia, na safari hii sitachelewa. Ila gari lisingoje barua hiyo.

Ni mimi, mume wa dada yako,
Kezironi Rwamafa