Ngano ya Mama na Mkate Niliouficha Kabatini

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na nguo nilizofua juzi bado zinaning'inia kibarazani, hazikauki. Leo sikwenda dukani Eastleigh. Niliomba ruhusa ya siku moja, tajiri akanipa shingo upande.

Nianze na aibu yangu, kisha nifike kwenye mkate.

Mama yangu alikuja kutoka Lugari wiki mbili zilizopita kwa ajili ya kliniki ya sukari. Nesi alimkataza mkate mweupe na chai ya vijiko vitatu. Mama akaitikia vizuri kabisa, "ndiyo, daktari," kisha akarudi hapa Tassia na kuendelea kumaliza nusu mkate kila asubuhi. Nilisema mpaka nikachoka. Mwishowe nikawa naufungia mkate wa watoto kwenye kabati la nguo na kwenda kazini na ufunguo.

Jumatatu alinifumania nikiutoa katikati ya mablanketi. Aligeuka, akarudi sebuleni. Kimya kingi kina mshindo mkuu: jana jioni nilikuta begi lake limefungwa, liko mlangoni, naye ameketi kando yake. Anasafiri Alhamisi, akaniambia. Kliniki ni Ijumaa, siku ya kupimwa damu na kubadilishiwa dawa. Akienda sasa, hatarudi. Namjua mama yangu.

"Nafula, nililelewa na mama wa kambo," alisema. "Hata yeye hakunifungia mkate."

Niliumia, kwa sababu ni kweli.

Asubuhi nikaikumbuka ngano. Mama alipokuja alibeba gorogoro mbili, ile mikebe ya kilo mbili mbili, za ngano kutoka shambani kwa kaka yangu, nami nikaisukuma chini ya kitanda, maana nani Nairobi ana shughuli na ngano isiyosagwa? Lakini nesi alisema mkate wa unga usiokobolewa anaweza kula, vipande viwili, na chai isiyo na sukari. Nikapima gorogoro moja, nikateremka nayo hadi kwenye kinu cha posho.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa kwenye simu na tajiri, ananiuliza funguo za stoo ziko wapi. Mwenye kinu akaniita, "Leta madam, saa hii hakuna laini ya watu!" Nikampa ngano yote bila kuangalia ni nani aliyetoka kusaga. Alikuwa mwanamke wa unga wa uji: wimbi, mtama na muhogo mkavu. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba unga wa aliyekutangulia hubaki ndani ya mashine, na konzi zako za kwanza hutoka nao. Ndiyo maana tulikuwa tunazimwaga kando, kuku wale. Mimi nimezoea unga wa pakiti, nimesahau.

Nilipomimina unga kwenye beseni, Mama aliinuka kwenye kiti chake cha mlangoni. Sikumwita. Alichota kidogo, akaweka kwenye ulimi.

"Umesaga nyuma ya nani?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Wewe uliyekulia kinuni! Huu wa juu ni uji." Akanieleza kwamba unga uliotoka kwanza ulikuwa chini ya mfuko, na nilipoumimina ndio umekaa juu. Akakwangua kama vikombe vitatu, akavitia kwenye mkebe wa uji wa watoto.

Kutoka hapo jikoni palikuwa pake, mimi nikawa mtu wa kutumwa. Vikombe vinne vya unga, kijiko cha chai cha hamira kilichojaa, chumvi nusu kijiko, mafuta vijiko viwili, maji vuguvugu kikombe na nusu na tone. Donge liliponata nilitaka kuongeza unga, akanipiga kofi mkononi. Unga wa aina hii hunywa maji polepole, usiuharakishe. Baridi ilikuwa kali, hamira ingelala. Akaichukua leso aliyoiacha nje ya begi kwa ajili ya safari, akalifunika beseni.

Mimi sina ovena. Niliwasha jiko la makaa kibarazani, nikatia mchanga kwenye sufuria kubwa, mawe matatu madogo, kisha sufuria ndogo ya mkate juu yake. Nikafunika na kupanga makaa machache kwenye kifuniko. Baada ya kama dakika arobaini ukatoka mfupi, mweusi-mweusi upande mmoja, na ganda la kukwaruza meno. Sitadanganya hapa, si mkate wa kupiga picha.

Mama alikata vipande viwili. Nilikuwa nahesabu kwa macho, naye akaniona.

"Hesabu tu," akasema. "Chai yako haina ladha. Mkate unayo."

Nikautoa ufunguo wa kabati mfukoni, nikauweka mezani mbele yake. Nikamwambia anisamehe, nilimfanya mtoto ndani ya nyumba yangu, na niliogopa kumzika. Nililia kidogo. Alitafuna mpaka akamaliza, akapangusa makombo, akausukuma ufunguo ukarudi upande wangu.

Sikujua maana yake. Jioni begi bado lilikuwa mlangoni, nami nikakosa ujasiri wa kuuliza. Nilikuwa naosha beseni aliponiita kutoka sebuleni.

"Nafula, ile gorogoro iliyobaki usiisage leo wala kesho. Jumamosi ndiyo wengi husaga mahindi, na unga wake hauharibu ngano. Twende pamoja, nikuonyeshe tena."

Jumamosi.

Sijamuuliza lolote kuhusu basi la kesho. Leso yake nimeifua, nimeianika kibarazani pamoja na zile nguo nyingine, na kwa manyunyu haya haitakauka kabla ya Ijumaa.