Mwani Umeng'oka, Tangi Limebaki Sebuleni

Nyamwaga, Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, jua limetoka, na nafsi yangu imetulia kwa namna ambayo asubuhi sikuitarajia.

Shajara yangu, kwa heshima na bila kuzidisha neno, napenda kukutaarifu kwamba nimeshinda.

Kwa faida ya msomaji mgeni wa blogu hii, naeleza. Mimi ni mwandishi wa barua za maombi na malalamiko. Sikuisomea kazi hiyo darasani. Nilijifunza mwenyewe kwa kuzisoma barua za watu waliokubaliwa. Wateja hunifuata nyumbani kutoka Nyakunguru, na wengine hutoka mbali kama Busawe. Katika sebule ninamowapokea kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe hai, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Niliachiwa na mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake mgodini akarejea kwao. Mimi bahari sijawahi kuiona. Hicho kipande chake nilikipenda tangu siku ya kwanza.

Kisha ukaja mwani.

Ulianza kama vumbi la kijani juu ya mawe. Baada ya wiki mbili ukawa nywele, na nywele zikarefuka hadi matumbawe yakajifunga kama ngumi. Kioo kikawa hakipitishi macho. Chacha, mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyekuja kuandikiwa barua, aliinama, akachungulia, akasema, "Mura, kijana wangu, umejenga josho ndani ya nyumba? Unaogesha nini, sisimizi?"

Mke wangu, Mama Ghati, hakucheka. Zamu yetu ya kuipokea kwaya ya akina mama ilikuwa imebakiza siku arobaini.

"Baba Ghati," alisema, "wenzangu wakiukuta uchafu huu, sitaweza kuinua uso kanisani. Siku hiyo ikifika haujaondoka, namwaga maji yote, na kioo nafugia vifaranga."

Nilimwandikia barua rasmi. Kichwa chake: YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KULINUSURU TANGI. Aliisoma akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi, hadi mwisho.

"Muda ni uleule," alisema. "Ila umeandika vizuri."

Hapa sina budi kukiri. Nililaumu taa. Nililaumu joto. Nililaumu maji ya kisima, na kwa sehemu sikukosea. Hata mhandisi nilimlaumu, na hali hayupo kujitetea. Ndipo nilipotoa vile vichupa vya kupimia maji alivyoniachia, nikapima fosfeti, ambayo ni mbolea ya mwani. Maji yalipaswa kubaki karibu meupe. Yaligeuka buluu ya wino.

Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Kwetu mgeni haachwi na njaa. Samaki wale niliwahesabu kuwa wageni, tena waliotoka mbali kuliko wote. Kwa hiyo kila mteja aliyeingia nilimkaribisha awatupie unga wa dagaa wa ziwani, na hakuna mtu wa huku anayejua kumpimia mgeni kidogo. Samaki wawili, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu, walikuwa wakilishwa kama ukoo mzima uliokuja kuposa. Kilichobaki kilizama, kikaoza, kikaulisha mwani.

Niliupiga marufuku unga wa dagaa kwa tangazo la maandishi, nikalibandika ukutani. Chakula kikawa chembe chache, mara moja kwa siku mbili. Taa iliyokuwa ikiwaka kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku nikaipunguza hadi saa sita. Maji ya kisima nikayaacha. Nilitandaza nailoni safi uani, nikakinga mvua kabla haijagusa bati, nikaichanganya na chumvi maalumu iliyoagizwa Dar es Salaam. Mwani niliusugua kwa mswaki. Mara ya kwanza niliviacha vipande vyake vielee, na baada ya siku nne kila kipande kilikuwa kimeota mahali pake. Tangu hapo nilisugua kwa mkono mmoja na kuunyonya kwa mpira wa maji kwa mkono wa pili. Vidole vilichubuka, chumvi ikaingia. Sikuwasilisha malalamiko popote.

Wiki ya tatu nilikaribia kukata tamaa. Wiki ya tano mawe yalionekana.

Leo saa nane kwaya iliingia, ikiongozwa na Mama Robhi, ambaye hata mchungaji hupima maneno mbele yake. Alisimama mbele ya tangi. Wenzake wakasimama nyuma yake. Kioo kilikuwa kama hakipo, na matumbawe yalikuwa yamefunguka yote, yakiyumba taratibu.

Niliwasogezea viti.

"Mama Ghati," Mama Robhi akauliza, "haya maua yanapumua?"

"Siyo maua, ni wanyama," mke wangu akajibu. Sikujua kwamba alikuwa akinisikiliza siku zote zile.

"Wanyama! Miguu iko wapi?"

"Hawana. Ndiyo maana hawazururi kama mume wako."

Walicheka hadi vikombe vikagongana. Mama Robhi mwenyewe alifuta machozi, kisha, kwa wema kabisa, akamega andazi na kunyoosha mkono juu ya maji. Mke wangu alimdaka kifundo cha mkono.

"Hapana, dada. Hao wameshakula."

Katika nyumba yetu sijawahi kumsikia akimzuia mtu kumpa mgeni chakula.

Walipoondoka, nilijiweka sawa, nikaomba kufahamishwa hatima ya ombi langu. Mke wangu alikuwa amevuta kiti chake karibu na kioo, miguu juu ya kigoda, akimfuata samaki mmoja kwa macho.

"Vifaranga nitawatafutia boksi," alisema. "Sasa nipishe, unanizibia."

Kwa kawaida sipokei uamuzi wa mdomo. Wateja wangu huwarudisha ofisini wakadai maandishi na mhuri. Huu wa leo nimeupokea kama ulivyotolewa, na sitaukatia rufaa.

Kesho nitaamka mapema, nisugue kioo kabla ya ibada.