Kiko Kiko Wapi?

Jumamosi, 10 Oktoba 1998
Zamu kwa Miss Ruth kama kawaida. Nimemwogesha, amekunywa chai. Nesi alipokuja kumpima presha nikashuka mtoni nusu saa. Ufuo ni wa Miss Ruth, na ndiye aliyeturuhusu kuokota vitu vya kale maji yakitoka. Maji hayakutoka sana. Maji mafu, angesema Bi Zuhura, mwenzangu wa zamu za katikati ya wiki. Vigae viwili vya sahani ya buluu. Msumari mmoja wa zamani. Kitambulisho changu cha kazi bado hakionekani. Nimemwomba Bi Zuhura anitafutie.

Jumanne, 13 Oktoba
Nyumba imeuzwa. Miss Ruth anahamishiwa nyumba ya wazee Arlington mwisho wa mwezi. Bi Zuhura naye anakwenda kwa binti yake Toronto tarehe 31. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Miaka mitatu sasa Bi Zuhura ana kipande cha paipu ya tumbaku, ya udongo, urefu wa kidole, kimezungushiwa vijiua. Yeye hukiita mrija. Anatafuta kichwa chake, pale pa kutilia tumbaku. Ana miaka sitini na moja, magoti mabovu, lakini akipita nilipopita mimi anaokota nilichokanyaga. Hutembea upande upande, jua likiwa mgongoni. Macho hayo aliyapata Pemba, utotoni, akitafuta mashimo ya pweza. Mimi mtu wa Kisii nimejifunza neno kupwa Virginia, nikiwa na miaka thelathini na nne.

Jumamosi, 17 Oktoba
Asubuhi nimekuta ujumbe wa Bi Zuhura wa jana kwenye mashine ya simu. "Nyaboke mwanangu, kiko, kimo kwenye ndoo ya kijani. Kitizame, lakini usi..." Mashine ikakata.

Nikafurahi. Kitambulisho kimepatikana. Ndoo ilikuwa kwa Miss Ruth, ngazi ya chini ya kushukia mtoni, imejaa matope na maji. Nikaimwaga yote mtoni, nikachokorachokora kwa kiatu. Hakuna kitu. Nikaisuuza ndoo ikang'aa.

Jumapili, 18 Oktoba
Bi Zuhura amenipigia nilipofika kutoka kanisani. Kiko umekionaje? Nikamwambia kitambulisho sikukiona.

"Kitambulisho gani? Nasema kiko, mwanangu. Cha kuvutia tumbaku. Kichwa kizima."

Maisha yangu yote nasema paipu. Yeye tukiwa mtoni husema mrija na kichwa, hajawahi kutamka kiko mbele yangu. Alikuwa amekilaza kwenye matope yaleyale alimokiokota, kisikauke ghafla kikapasuka. Hakutaka kukipandisha mabasi mawili hadi kwake.

"Nilithink ni matope tu, Bi Zuhura. Nimemwaga."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akauliza nilisimama ngazi ya ngapi, na nilimwaga kwa mkono gani. Basi. Hakunigombeza hata kidogo. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu, 19 Oktoba
Sijalala vizuri. Darasani, chuoni Annandale, sikusikia kitu. Mjinga mimi.

Jumatano, 21 Oktoba
Nimekosa darasa. Sijutii.

Bi Zuhura alisema nije leo, mwezi mwandamo, maji ya bamvua, yanayotoka mbali kuliko siku zote. Na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini-magharibi tangu jana, ukiusukuma mto utoke. Nilifika nikakuta matope wazi hadi mbali, sijawahi kuona hivyo. Miss Ruth dirishani, blanketi magotini, anatutazama.

Bi Zuhura alijaza ndoo ileile matope. Akachagua vigae vitatu vyepesi, akavifunga uzi mwekundu, akavizika ndani. Akaniambia nisimame niliposimama, nimwage nilivyomwaga. Nikamwaga. Vigae viwili vikaenda kushoto, nyuma ya gogo la gati la zamani. Mimi siku zote nne nilikuwa nawaza upande wa kulia. Nikamtazama yule mama kwenye mabuti yake ya mpira na baibui lililopindwa hadi magotini, nikasema moyoni, huyu angekuwa profesa mahali fulani.

Aliniambia nipeleke mkono mimi, vidole vyake vina ganzi siku za baridi. Nikapapasa. Mizizi. Kokoto. Kisha kitu laini, cha mviringo, chenye tundu.

"Kiko wapi?" akauliza.

Nikakitoa kwenye matope. Nililia.

Hakikuwa na ufa. Akatoa mrija kwenye leso, akaupeleka taratibu.

Haukuingia. Mrija mnene, tundu la kichwa jembamba. Akageuza, akajaribu tena. Miaka mitatu. Nikaogopa kumtazama usoni.

Akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. "Kumbe wavutaji walikuwa wawili," akasema.

Jumamosi, 31 Oktoba
Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Miss Ruth alisema vyote tulivyookota ni vyetu, tugawane. Bi Zuhura amechukua mrija. Kichwa kanipa mimi. Nikamwambia hapana, wewe ndiye uliyekiona kwanza. Akaniambia nisimchoshe, ana ndege ya kupanda.

Jumapili, 8 Novemba
Mvua. Kitambulisho kilikuwa mfuko wa ndani wa koti la kanisani.

Nimepita Arlington kumwona Miss Ruth. Dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Nimempelekea kigae kimoja cha buluu, akakishika muda wote.

Ule ujumbe sijaufuta. Mashine inajaa, lakini sijaufuta.

Jioni simu kutoka Toronto. Salamu za baridi, salamu za wajukuu. Kisha akauliza neno moja tu, kiko? Kilikuwa mbele yangu, dirishani, kimekauka taratibu kama alivyonifundisha.

Nikamwambia, kiko.